Roboti Mumbai, Mpira Likoni: Uchambuzi wa Kisa cha Ami

Karatasi zilikuja kwa WhatsApp baada ya Isha. Kaka, yaani mtoto wa ami yangu, alituma moja kwenye kundi la familia bila neno lolote, kisha akatuma ya pili. Ya kwanza ilikuwa kadirio la gharama kutoka hospitali moja ya Mumbai: kuondoa tezi dume kwa roboti ya Kimarekani. Ya pili ilitoka hospitali nyingine ya mji huohuo, upasuaji uleule, kwa roboti iliyoundwa India. Tofauti ya bei ilitosha nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Shangazi akaandika: “Si zote roboti? Tuchukueni ya rahisi.” Kabla hajajibiwa, kaka akanigeukia mimi: wewe ndiye wa thieta, tuambie.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Mombasa. Ami ameniruhusu kuandika kisa chake kwa sharti nisimtaje jina, wala hospitali zilizomhudumia. Naandika kwa sababu tangu habari yake ienee mtaani, watu hunisimamisha njiani kuniuliza swali lile la shangazi, na jibu nililolitoa siku zile lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili nimeijua usiku wa manane kwenye kivuko cha feri, Ami akiwa amejikunja kwenye tuktuk.

Mgonjwa

Ami ana miaka 66. Alifanya kazi bandarini Kilindini hadi alipostaafu, na sasa anauza nyavu na ndoana Likoni. Ana presha, na dawa zake hazikosi. Kilichompeleka hospitalini ni kuamka mara nne usiku, na kusimama chooni msikitini akisubiri mkojo utoke huku watu nje wakingojea zamu. Kipimo cha damu cha PSA, kinachodokeza hali ya tezi dume, kikasoma 11.2. Akapigwa picha ya MRI, akachukuliwa vinyama kwa sindano, na maabara ikaandika Gleason, yaani alama ya ukali wa saratani, 3+4, jumla 7. Kwa lugha ya nyumbani: saratani ipo, imo ndani ya tezi, haijatoka nje, si ya kukimbiza mtu usiku uleule, na si ya kupuuza.

Daktari wa njia ya mkojo hapa Mombasa alimpa njia tatu: kukatwa, kupigwa mionzi, au kufuatiliwa kwa karibu kwa vipimo. Akamweleza utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT, uliowagawa wanaume 1,643 katika njia hizo tatu. Matokeo ya baada ya miaka 15 yalitolewa 2023, na takriban 97 kati ya kila 100 hawakuwa wamefariki kwa saratani hiyo, wakiwa wamepewa njia yoyote. Lakini kwa PSA iliyovuka 10 na Gleason 7, akasema, yeye angeegemea kutibu. Ami alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia: “Mwanangu, na litoke. Sitaki kulipimapima kila mara kama maji ya kisima.”

Upasuaji wa wazi ungefanyika hapahapa, na daktari huyohuyo ambaye nimesimama naye mezani mara nyingi. Familia iliruka hadi India kwa sababu ya jirani mmoja. Mwaka uliotangulia alirudi Mumbai na matundu sita tumboni, akainua fulana barazani watu wayahesabu, na muda si muda akawa anakwenda sokoni kwa miguu. Kila aliyekuwa barazani siku ile alitoka na uamuzi wake tayari.

Mashine inafanya nini hasa

Kwenye kikao cha Jumapili, nyumbani kwa Ami, nilianza na hili kwa sababu neno “roboti” lilikuwa limeshawajaza watu picha nyingine. Shangazi alidhani unalala kitandani na mashine inakukata yenyewe. Sivyo. Katika operesheni hizi mashine haiamui wala haikati chochote peke yake. Daktari anakaa kwenye konsoli pembeni, macho kwenye kioo kinachompa picha yenye kina, vidole kwenye vishikio. Kila anachofanya vidole vyake, mikono ya mashine iliyoingia tumboni kupitia matundu madogo inafanya vilevile, ila kwa udogo: daktari akisogeza sentimita 3, ncha ya mkasi inaweza kusogea 1. Mtetemo wa mkono unachujwa. Na ncha ya kifaa ina kifundo kinachopinda na kuzunguka kama kifundo cha mkono wa mtu.

Kifundo hicho ndicho kiini cha mambo. Katika upasuaji wa kamera wa kawaida, ambao tunaufanya Mombasa, vifaa ni virefu na vimenyooka mfano wa vijiti vya kufumia. Ukisukuma kulia nje, ndani vinakwenda kushoto. Kutoa kibofu cha nyongo kwa vijiti hivyo kunawezekana vizuri kabisa. Kuunga shingo ya kibofu na mrija wa mkojo chini kabisa ya nyonga, nyuma ya mfupa, mahali ambapo hata mkono wa mtu haupiti vyema, ni kazi nyingine. Hapo roboti inaleta tofauti anayoihisi daktari mwenyewe.

Niliwahi kukalia konsoli ya maonyesho, wakala mmoja alipoileta kwenye mkutano wa madaktari katika hoteli ya Nyali. Walinipa vipete vya mpira nivihamishe kutoka kijiti hiki hadi kile. Baada ya dakika mbili mikono ile ilikuwa yangu. Kisha wakanipa uzi nifunge fundo. Nikauvuta, ukakatika. Nikajaribu tena, ukakatika tena. Vidole vyangu havikuwa vimehisi kitu, ni macho tu yaliyoona uzi ukiachana. Daktari aliyekuwa nyuma yangu akasema kwa upole kwamba wazoefu hujifunza kuona mvuto: wanatazama nyama inavyobadilika rangi, uzi unavyonyooka. Kwa miaka mingi mashine hizi zilizoenea zaidi zilikuwa hivyo, macho bila mguso. Da Vinci 5, ya jamii ya ile roboti ya Kimarekani, iliyopata kibali cha Marekani Machi 2024, imeleta vifaa vinavyomrudishia daktari hisia ya nguvu anayotumia. Nikikumbuka zile nyuzi zangu mbili, naona hilo ni jambo kubwa.

Kwa nini karatasi zilikuwa mbili

Miaka kumi iliyopita kaka angepata karatasi moja tu. Intuitive, kampuni ya California iliyoanzishwa 1995, ilipata kibali cha da Vinci kwa upasuaji wa tumbo mwaka 2000. Ilikuwa na mshindani mmoja wa maana, Computer Motion, mwenye mashine iliyoitwa ZEUS. Walishtakiana kuhusu hataza, yaani haki za uvumbuzi, kisha 2003 wakaungana na ZEUS ikaachwa. Tangu hapo soko likawa karibu la duka moja. Hataza za mwanzo zilipoanza kuisha muda katika muongo uliopita, wengine wakaingia. CMR ya Cambridge, Uingereza, ilikuja na Versius, ambayo kila mkono wake uko juu ya toroli lake na unaweza kusukumwa kutoka chumba hadi chumba. Medtronic ikaleta Hugo, iliyomfikia mgonjwa wa kwanza Santiago, Chile, Juni 2021. Toumai ya kampuni ya MicroPort ya Shanghai ilipata kibali cha China 2022, na mwaka huohuo SSi Mantra ikapata cha India. Johnson & Johnson nao walianza kuijaribu Ottava yao kwa wagonjwa 2025. Mwenye duka la kwanza hajatikisika sana: mwisho wa 2024 alikuwa na mashine karibu 9,900 duniani, na mwaka huo zilifanya operesheni takriban milioni 2.68.

Bei yenyewe inafaa kueleweka, maana ndiyo iliyofika kwa Ami. Kwa miaka kadhaa ripoti za kila mwaka za Intuitive ziliandika kwamba mashine moja inauzwa kati ya dola milioni 0.5 na 2.5, matunzo ni kati ya dola 80,000 na 190,000 kwa mwaka, na vifaa vya kila operesheni ni dola 600 hadi 3,500. Tazama hiyo ya mwisho. Ni kama printa: mashine unainunua mara moja, wino unaununua maisha. Mkasi na koleo za da Vinci zina kihesabio ndani yake. Vingi vilikuwa na ukomo wa matumizi 10, na ukishafika, mashine inakikataa kifaa hata kama bado kinakata. Mwaka 2020 kampuni iliongeza ukomo wa baadhi ya vifaa hadi kati ya 12 na 18. Mimi ambaye huosha, hufunga na kuchemsha mikasi ileile ya chuma kwa miaka, hilo liliniuma nilipolisikia mara ya kwanza. Washindani wapya wanabanana hasa hapo, kwenye bei ya mashine na ya vifaa, na ndiyo maana karatasi ya pili ilikuwa nafuu. Ushindani huo ni wa heri kwetu. Bila huo, hospitali za ukanda wetu zingekaa zikitazama picha tu.

Shangazi alinikatiza hapo: “Basi hiyo ya Kihindi ni feki?” Hapana, nikamwambia, ina kibali cha nchi yake na inafanya kazi. Kilichonitia wasiwasi kilikuwa kwamba karatasi zote mbili zilitaja jina la mashine kwa herufi kubwa, na hakuna hata moja iliyotaja jina la daktari.

Angola na waya wa baharini

Kikao chetu kilifanyika wakati habari ya Angola bado ilikuwa moto. Juni 2025, Daktari Vipul Patel, akiwa Orlando, Florida, alimtoa tezi dume mgonjwa aliyekuwa Luanda, bahari nzima katikati yao, kwa kutumia Toumai, katika majaribio yaliyoidhinishwa na mamlaka ya Marekani. Kaka alikuwa na video kwenye simu. “Kwani mashine isiletwe Mombasa, daktari akabaki hukohuko kwake? Nyaya za intaneti zinatua hapahapa!”

Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani. Nyaya zinatua kweli: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010, na nyingine baadaye. Na wazo lenyewe si geni. Tarehe 7 Septemba 2001, Jacques Marescaux alikaa New York akamtoa kibofu cha nyongo mwanamke aliyelala Strasbourg, Ufaransa, kwa mashine ileile ya ZEUS, kupitia laini maalumu ya kampuni ya simu ya Ufaransa. Taasisi aliyoianzisha Marescaux, IRCAD, ina tawi lake la Afrika Kigali, lililofunguliwa 2023 kufundisha madaktari wetu upasuaji wa matundu madogo. Kwa hiyo jambo hili linatusogelea, na mimi nalifurahia.

Lakini nilimkumbusha kaka ile Jumapili ya Mei 2024, tarehe 12, EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, na yeye mwenyewe akashindwa kutuma hata picha ya duka. Nikamkumbusha Agosti 2023, nchi nzima ilipokosa umeme usiku. Wanaofanya operesheni hizi za mbali hawategemei intaneti ya kila mtu. Huweka laini zaidi ya moja. Na Luanda palikuwa na timu ya madaktari kando ya kitanda, tayari kuchukua kazi laini ikikatika. Ukiwa na timu ya namna hiyo kitandani, umeshakuwa na sehemu kubwa ya hospitali unayoitafuta. Waya unaleta mikono ya daktari. Hauleti mtu wa nusukaputi, benki ya damu, wala wa kuamka saa nane usiku. Niliyasema hayo mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na bado sikuyatumia kwenye safari tuliyoipanga.

Tulivyochagua

Nilishauri tuache kuuliza mashine, tuulize mikono. Ushahidi upo. Mwaka 2007 watafiti waliwaangalia wagonjwa 7,765 wa upasuaji wa wazi wa tezi dume, waliopasuliwa na madaktari 72. Kwa daktari aliyekuwa amefanya 10 tu kabla, uwezekano wa saratani kurudi ndani ya miaka 5 ulikuwa asilimia 17.9, kwa aliyefanya 250, asilimia 10.7. Kisha kuna majaribio ya Brisbane, Australia, yaliyochapishwa 2016: wanaume 326, nusu wazi, nusu roboti. Wa roboti walipoteza damu pungufu, wastani wa karibu mililita 440 dhidi ya 1,340, na waliondoka hospitalini mapema. Lakini kuzuia mkojo na nguvu za kiume, baada ya wiki 12, hapakuonekana tofauti. Na si siri kwamba daktari wa upasuaji wa wazi katika majaribio yale alikuwa na uzoefu mkubwa mara nyingi kuliko mwenzake wa roboti. Kila upande unaweza kuyasoma matokeo hayo kwa faida yake.

Naweka na hili hapa kwa ajili ya dada zetu, ingawa si kisa cha Ami: tundu dogo si bora siku zote. Majaribio ya kimataifa ya 2018 kwa wanawake 631 wenye saratani ya mlango wa kizazi ya hatua za mwanzo yalionyesha kwamba waliotolewa kizazi kwa matundu madogo, kwa kamera au roboti, ugonjwa uliwarudia zaidi. Baada ya miaka 4.5, asilimia 86.0 walikuwa hai bila ugonjwa, dhidi ya 96.5 ya waliopasuliwa wazi. Mwanamke akitajiwa roboti kwa saratani hiyo, aulize kuhusu majaribio hayo kabla ya kuuliza bei.

Tuliandikia hospitali zote mbili: nani atakayeshika vishikio, yeye binafsi amefanya tezi dume ngapi kwa roboti, mara ngapi amelazimika kufungua tumbo, na mpira wa mkojo utatolewa wapi. Moja ilitujibu kwa broshua. Nyingine ilitupa jina la daktari, hesabu yake iliyopita elfu moja, na namba ya msaidizi wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa na da Vinci Xi, mashine iliyotoka 2014, si ya kisasa zaidi na si ya rahisi zaidi. Tukaichagua. Michango ikapitishwa, kaka akauza pikipiki yake.

Ami alikuwa na swali lake moja, na hakutaka kuliuliza mbele ya watu. Aliniita kando. “Mkojo ukiwa unavuja, udhu wangu?” Nilimwambia kuvuja wiki za mwanzo ni kawaida kwa njia zote, wazi au roboti, na kwa wengi hupungua kwa miezi. Imamu wa msikiti wake akamweleza la dini: atie udhu kwa kila swala muda wake ukiingia, aswali, hana dhambi. Nilimwona mabega yakimshuka. Katika miezi yote ile ya vipimo hakuna daktari wala muuguzi, mimi nikiwemo, aliyekuwa amemuuliza anachokiogopa.

Mumbai yenyewe sina mengi ya kusema, maana ilikwenda vizuri. Agosti, matundu sita, usiku mbili wodini. Maabara ikasema kingo za tezi hazina saratani. Mpira ulitolewa siku ya tisa, akasubiri siku chache nyumba ya wageni, akarudi akitembea. Barazani akainua fulana.

Usiku wa feri

Wiki ya saba. Kwa siku kadhaa alikuwa ameona mkojo unapungua nguvu, akafurahi, akidhani ni kuvuja kunakokoma. Hakuniambia. Saa nane kasoro usiku mke wake akanipigia: Ami hajakojoa tangu Magharibi, tumbo limekuwa gumu kama nazi.

Nilikuwa nimelala kwao Likoni usiku ule, Mungu alipanga. Nilimwekea mkono chini ya kitovu, kibofu kilikuwa kimefika juu, na yeye jasho linamtoka hadi kwenye kikoi. Tukapata tuktuk. Feri ilikuwa upande wa kisiwani. Tulisimama kwenye mteremko tukiziona taa zake ng’ambo, maji katikati, na Ami akihesabu kwa sauti ndogo, kama wanawake wa uchungu tunavyowafundisha. Mahali pale bahari haina upana wa maana. Usiku ule ilikuwa pana.

Tulipofika mapokezi ya dharura, kijana wa zamu alifanya alichofundishwa: mkojo umeziba, weka mpira. Alikuwa ameshavaa glovu na mpira uko mkononi. Nikamwomba asimame. Huyu katolewa tezi dume wiki saba zilizopita, kibofu kimeungwa na mrija kwa uzi, na pakiziba hapo ukisukuma kwa nguvu unaweza kutoboa njia ya uongo au kupasua maungio. Akaniuliza karatasi ya kuruhusiwa iko wapi, na alikuwa na haki ya kuuliza. Ilikuwa kwenye begi la kaka, na kaka alikuwa Nairobi. Sikulaumu pale mahali wala simlaumu kijana; mbele yake alikuwa na mzee anayelia na muuguzi asiyemjua anayemwambia aache.

Alijaribu mpira mwembamba mara moja, kwa upole, ukagoma palepale, akaacha. Tukampigia yule daktari wa Mombasa, ambaye tulikuwa hatukumchagua na hatukumuaga tulipokwenda India. Alikuja. Kwa picha ya altrasaundi aliingiza bomba chini ya kitovu, moja kwa moja kwenye kibofu, na mkojo ukajaza mfuko hadi karibu lita moja na nusu. Ami akashika mkono wake, hakusema kitu. Siku nne baadaye, kwa kamera nyembamba, aliona kovu limebana maungio hadi kubaki tundu la ukubwa wa ncha ya biro, akalipanua.

Tulipokosea

Kovu la namna hiyo si kosa la roboti. Kwa jumla hutokea mara chache zaidi kwa roboti kuliko kwa upasuaji wa wazi, kwa kuwa maungio hushonwa yakionekana vizuri. Sioni pia kwamba daktari wa Mumbai alikosea. Makovu mengine ni ya mwili wenyewe. Wala sijuti kwamba Ami hakukatiwa hapa.

Kosa lilikuwa letu, na langu zaidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika maswali. Nilihesabu operesheni za daktari, nikasahau kuuliza nani atampokea mgonjwa wiki ya saba. Kabla ya safari tulipaswa kukaa na daktari wa hapa, kumweleza tunakokwenda, na kumwomba akubali kumfuatilia. Niliona haya, nikidhani atajisikia amedharauliwa. Alipokuja usiku ule nilimwomba radhi, akanijibu kwamba wagonjwa wa India humfikia kila mara wakiwa wameshaziba, na angependa siku moja amwone mmoja kabla hajaondoka. Tulipaswa pia kumwambia Ami waziwazi: mkojo ukipungua nguvu baada ya kuwa mzuri, usifurahi, piga simu. Na karatasi ya kuruhusiwa ilipaswa kuwa kwenye simu ya kila mtu wa nyumba ile, yenye mstari mmoja juu kabisa kwamba mpira usisukumwe kwa nguvu.

Sasa anayeniuliza kuhusu roboti namuuliza kwanza: daktari wako wa hapa anajua? Wengi hunyamaza. Baadhi nimewasindikiza mwenyewe kwa daktari, na wawili wamebaki kupasuliwa Mombasa, si kwa kushawishiwa, bali baada ya kuambiwa hesabu ya mikono ya pande zote mbili. Hospitali za hapa zitapata mashine hizi, bei zinavyoshuka. Zikija, natamani kamati zinazonunua zianze na orodha ya watu: nani atafundishwa, nani atakuwa wa pili akiugua wa kwanza, nani atachunguza kibofu usiku.

Desemba, PSA ya Ami ilisomeka chini ya kiwango cha maabara kuweza kuipima. Daktari wa hapa alikuwa amemwandikia mwenzake wa Mumbai kuhusu lile kovu, na jibu lilikuja siku ileile, pamoja na video nzima ya operesheni. Tuliitazama na Ami barazani kwenye laptopu ya kaka, kahawa pembeni. Hakutaka kuona mwanzo. Alitaka kuona pale pa kushona. Tukasogeza hadi hapo: sindano iliyopinda inashikwa, kifundo kinazunguka, uzi unapita ukingo wa kibofu, unapita ukingo wa mrija, unavutwa taratibu mpaka kingo zinakutana. Ami alisogeza miwani, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mshono.

“Ni hapa palipoziba?”

“Ni hapo, Ami.”

Akasema nirudishe nyuma kidogo, aone tena.